Mwendo wa Katamarani

Msomaji, pengine umepata kusikia kwamba katamarani za mashindano hukimbia karibu mara tatu ya upepo unaozisukuma, na kwamba zimekwisha pita kilomita 100 kwa saa. Maneno haya si uongo. Yana ushahidi wake, na atakayekuapia kwamba ni kweli hatakuwa ameapa bure. Walakini nakuomba usiyapokee mpaka msemaji amekujibu maswali matatu: upepo ulikuwa kiasi gani, chombo kilikwenda umbali gani kwa mwendo huo, na nani aliyepima? Mwendo usio na majibu hayo ni sawa na bei ya mahindi ambayo hukuambiwa kama ni ya kilo au ya gunia.

Nasema hivi kwa sababu hesabu ya mwendo wa vyombo hivi imeharibiwa na watu wa pande mbili. Upande mmoja wako wauzaji wa vyombo, waandishi wa habari za michezo, na matajiri wenye timu, ambao huokota dakika moja iliyo bora katika mwaka mzima wakaifanya kuwa desturi ya chombo. Upande wa pili wako wakaidi wasemao kwamba chombo cha tanga hakiwezi kamwe kuupita upepo, na kwamba habari zote hizi ni hadithi za kuwafurahisha watoto. Pande zote mbili zimekosa, na kosa lao ni moja: hawakutaka kufanya hesabu.

Tuanze na chombo chenyewe. Jina katamarani limetoka katika Kitamili, lugha ya India ya kusini na Sri Lanka, na maana yake ni magogo yaliyofungwa pamoja. Chombo cha asili cha Watamili kilikuwa namna ya chelezo. Wazungu walilichukua jina lake wakalipa chombo kingine kabisa, chenye miili miwili myembamba iliyo sambamba, iliyoungwa kwa boriti, na mlingoti umesimama katikati. Vyombo vya miili miwili vilijengwa na watu wa visiwa vya Pasifiki karne nyingi kabla Mzungu hajaiona bahari hiyo. Ngalawa ya pwani yetu si katamarani, lakini ni jamaa yake katika akili: mtumbwi mwembamba, ambao ungepinduka mara moja chini ya tanga, umepewa mbao za kuelea kila ubavu ili usimame. Ubora wa mpango huu ni kwamba chombo kinapata uthabiti kwa upana wake, si kwa uzito wa mawe au risasi uliowekwa chini.

Uzito ni adui wa mwendo, na adui huyu ana mpaka unaojulikana. Chombo kizito cha mwili mmoja kikienda hujenga wimbi omoni na jingine tezini. Kadiri kinavyoongeza mwendo mawimbi hayo huachana, mpaka chombo kinakuwa kimelala ndani ya bonde la maji kililolichimba chenyewe, na kupanda kutoka humo ni kazi isiyowezekana kwa tanga lake. Kwa chombo chenye urefu wa mita 9 majini, mpaka huo ni kama maili 7 za bahari kwa saa. Mabaharia huita maili moja ya bahari kwa saa fundo, kwa kuwa zamani walitupa majini kamba yenye mafundo wakahesabu mafundo yaliyopita mkononi kwa kipindi kilichowekwa. Fundo moja ni sawa na mita 1,852 kwa saa. Basi, mwili mwembamba sana na mwepesi haujengi wimbi kubwa, na kwa hiyo haufungwi na mpaka ule. Hii ndiyo siri ya kwanza ya katamarani, wala hakuna uchawi ndani yake.

Wakaidi walijibiwa zamani. Mwaka 1876 mjenzi wa vyombo Mmarekani, Nathanael Herreshoff, alileta katamarani yake iitwayo Amaryllis katika mashindano ya New York yaliyofanywa kuadhimisha miaka 100 ya taifa lake. Chombo hicho kidogo kiliziacha nyuma mashua za fahari. Walioshindwa wakapinga, na mshindi akanyimwa tuzo. Hoja haikuwa kwamba saa ilisomwa vibaya. Hoja ilikuwa umbo la chombo chenyewe. Herreshoff huyo huyo alikuja kuwajengea matajiri wa New York mashua za mwili mmoja zilizolilinda Kombe la Amerika kwa miaka mingi, na katamarani ikasahauliwa katika mashindano makubwa kwa muda wa maisha ya mtu. Watu walio tayari kuufukuza ukweli kwa sababu umewashinda si wapungufu kuliko wale wanaoutia chumvi.

Kama wewe nawe una shaka kwamba tanga laweza kuupita upepo, panda baisikeli siku ambayo hata jani halitikisiki. Ukianza kwenda utasikia upepo usoni, nao ni upepo ulioufanya mwenyewe. Sasa fikiri siku ambayo upepo unavuma kutoka ubavuni mwako. Ukisimama, unakupiga ubavuni. Ukienda, upepo wako mwenyewe unaungana na ule, na unaousikia ni mkali kuliko ule wa kwanza, tena unatoka mbele zaidi. Katamarani hula upepo huu wa pili. Kadiri inavyokwenda ndivyo inavyojiongezea chakula. Lakini angalia: chakula hicho kinatoka mbele zaidi na zaidi, mpaka tanga haliwezi tena kukishika, na hapo ndipo mwendo unapokoma. Tena faida hii haipatikani kwa chombo kinachokimbia sawasawa na upepo mgongoni. Chombo cha namna hiyo, kwa tanga la kawaida, hakitautangulia upepo hata kikijengwa kwa dhahabu. Ndiyo maana katamarani za mashindano, zikitaka kufika mahali palipo chini ya upepo, haziendi moja kwa moja. Huenda mshazari, upande huu kisha upande huu, na kwa njia hiyo ndefu hufika mapema.

Nimekwisha wajibu wakaidi. Sasa niwageukie wenye majisifu, ambao ni wengi zaidi na wana sauti kubwa zaidi.

Mwaka 2013 Kombe la Amerika lilishindaniwa San Francisco kwa katamarani zenye urefu wa mita 22 na upana wa mita 14, kila moja na mabaharia 11. Tanga lao kubwa halikuwa la nguo, bali lilikuwa gumu mfano wa bawa la ndege, lenye kimo cha karibu mita 40. Chini walikuwa na mabawa mengine, madogo, yaliyozama majini. Chombo kikipata mwendo, mabawa hayo yalikiinua hata miili yote miwili ikatoka majini, na mzigo wote wa tani kadhaa ukapita juu ya bahari kama ndege mzamiaji anayeanza kuruka. Chombo cha New Zealand kilipimwa kikienda mafundo 44 katika upepo wa karibu mafundo 16. Hapo ndipo lilipozaliwa neno hili la karibu mara tatu ya upepo.

Sasa chukua kalamu. Kama neno hilo ni kanuni ya chombo, basi katika upepo wa mafundo 22 chombo kile kile kilipaswa kwenda zaidi ya mafundo 60. Kilikwenda ngapi? Katika upepo wa karibu mafundo 22 kilipimwa mafundo 47 na nusu. Upepo uliongezeka kwa mafundo sita, mwendo ukaongezeka kwa matatu na nusu tu, na ile karibu mara tatu ikashuka kuwa mara mbili na kidogo. Anayekuambia mara tatu bila kukutajia upepo amekupa kigezo kitakachokudanganya kila siku isipokuwa siku moja aliyoichagua yeye.

Sababu ya kushuka huko si siri. Ukinzani wa maji na wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: ukitaka mwendo maradufu, utakutana na ukinzani mara nne. Tena kuna ukuta mwingine ambao hauonekani. Maji yanapopita juu ya bawa kwa kasi kubwa, mgandamizo wake hushuka. Ukishuka vya kutosha, maji huchemka yakali baridi, na bawa likajikuta limo ndani ya mapovu badala ya maji. Bawa la kawaida hupatwa na jambo hili karibu na mafundo 50. Likianza, nguvu ya kuinua hupotea ghafula, na chombo kilichokuwa hewani hurudi chini bila kubisha hodi.

Utaambiwa kwamba ukuta huu umekwisha bomolewa. Ni kweli, ila sikiliza jinsi ulivyobomolewa. Novemba 2012, huko Walvis Bay katika Namibia, Paul Larsen aliendesha chombo kiitwacho Vestas Sailrocket 2 kwa wastani wa mafundo 65.45 katika mita 500, nayo ndiyo rekodi ya dunia. Bawa lake liliundwa kwa makusudi ili lifanye kazi ndani ya mapovu. Lakini chombo hicho si katamarani. Tena kilijengwa kwenda upande mmoja tu wa upepo, na kikimaliza safari yake hakina budi kukokotwa kurudishwa kilikoanzia. Mita 500 kwa mwendo ule ni sekunde zisizofika 15. Nawastahi sana walioifanya kazi hiyo. Miaka ya jasho yao imetufundisha jambo jipya juu ya maji. Lakini kuitumia rekodi yao kueleza mwendo wa katamarani ya mashindano, ambayo lazima igeuke, ibishe, ipishane na wenzake na kurudi nyumbani kwa nguvu zake, ni kama kupima mwendo wa basi la abiria kwa jiwe lililorushwa kwa kombeo.

Na zile kilomita 100 kwa saa? Hizo ni za katamarani za mita 15 za mashindano ya SailGP, ambazo nazo huruka juu ya mabawa. Mwaka 2022 chombo cha Ufaransa kilisomwa kilomita 99.94, na mwaka 2025 mpaka wa 100 ukavukwa. Nayakubali. Lakini usomaji huo ni kilele, yaani nukta ya juu kabisa ambayo mkono wa kipimo uliigusa. Baraza la kimataifa linalothibitisha rekodi za matanga haliandiki vilele vya namna hiyo. Hudai wastani wa mita 500, au wa maili nzima ya bahari, na hata huo ni mchezo wa kitambo tu. Kwa kipimo hicho cha mita 500, katamarani ya Uingereza iitwayo Crossbow II ilipata mafundo 36 mwaka 1980, na kwa miaka kadhaa hapakuwa na chombo cha tanga duniani kilichoishinda.

Lakini hakuna mahali ambapo jambo hili liko wazi kama katika habari za Orange II, katamarani ya Mfaransa Bruno Peyron, yenye urefu wa karibu mita 37. Mwaka 2006 ilikwenda maili 766.8 za bahari katika saa 24, ambayo ni wastani wa mafundo karibu 32. Mwaka huo huo iliivuka Atlantiki, kutoka New York mpaka ncha ya kusini ya Uingereza, kwa siku 4, saa 8 na dakika 23: wastani wa mafundo 28. Na mwaka 2005 ilikuwa imeizunguka dunia nzima kwa siku 50, saa 16 na dakika 20. Gawanya njia fupi iliyowekwa katika sheria za safari hiyo kwa muda huo, nawe utapata karibu mafundo 18.

Chombo ni kimoja, nahodha ni mmoja. Je, mwendo wake ni upi? Kama ni 32, mbona dunia ilimchukua siku 50? Kama ni 18, mbona alivuka Atlantiki kwa siku nne? Majibu yote matatu ni ya kweli, na kila moja likisemwa peke yake linapotosha. Siku moja ilipatikana kwa kuchagua upepo. Wale wanaoivuka Atlantiki kwa rekodi hukaa bandarini kwa majuma wakisubiri dhoruba ya kufuatana nayo, na isipokuja hawaondoki. Lakini mwenye kuizunguka dunia hawezi kuchagua hali ya hewa ya siku 50. Hana budi kuvuka ukanda wa ikweta ambako upepo hufa, apindepinde kuikwepa barafu na tufani katika bahari za kusini, na usiku mwingine apunguze tanga kwa makusudi ili chombo kisivunjike. Katika mashindano ya kuzunguka dunia yaliyoanza Barcelona siku ya mwisho ya mwaka 2000, katamarani iliyoshinda, Club Med, ilichukua siku 62 na saa kadhaa, na watu wakashangilia kwa haki.

Hapo hatujazungumza habari ya siku zisizo na upepo. Zile katamarani za San Francisco, zilizopita mafundo 44, zilikuwa na sheria kwamba kila shindano limalizike katika dakika 40. Tarehe 20 Septemba 2013 chombo cha New Zealand kilikuwa mbele sana, kikihitaji ushindi mmoja tu kulitwaa Kombe. Upepo ulikuwa mdogo. Dakika 40 zikapita hakijafika, na shindano likafutwa. Baadaye Wamarekani, waliokuwa nyuma kwa ushindi mmoja dhidi ya minane, walishinda mfululizo mpaka wakalihifadhi Kombe kwa tisa dhidi ya minane. Chombo chenye mbio kuliko vyote katika mchezo ule kilinyimwa taji siku ile kwa kwenda polepole! Ningependa kila tangazo la mara tatu ya upepo lichapishwe pamoja na habari hiyo.

Labda utaniuliza, msomaji, ya nini ukali huu wote? Mtu akizidisha sifa za mashua yake, nani anaumia? Nitakujibu kwa habari mbili.

Mwingereza Pete Goss alijenga katamarani kubwa iitwayo Team Philips, iliyokusudiwa kushiriki katika yale mashindano ya Barcelona. Ilikuwa na milingoti miwili, na omo zake nyembamba zilikusudiwa kupenya mawimbi badala ya kuyapanda. Nchi nzima iliizungumza kabla haijasafiri. Machi 2000, katika majaribio yake ya kwanza, kipande cha omo kilikatika. Ikatengenezwa. Desemba mwaka huo huo, katikati ya Atlantiki, tufani iliivunja tena, na watu wake saba wakaokolewa na meli iliyokuwa ikipita. Hao saba walirudi kwao wazima, na chombo kikaachwa baharini. Rekodi ya chombo hicho ilikuwa katika magazeti tu.

Habari ya pili haikuishia vizuri hivyo. Andrew Simpson alikuwa baharia Mwingereza aliyepata medali ya dhahabu katika Olimpiki ya mwaka 2008. Tarehe 9 Mei 2013 alikuwa mazoezini San Francisco katika katamarani ya timu ya Artemis, moja katika zile za mita 22. Chombo kilivunjika na kupinduka, naye akanaswa chini ya mabaki yake akafa. Miezi michache kabla, Oktoba 2012, chombo cha Wamarekani cha namna hiyo hiyo kilikuwa kimepinduka katika maji yale yale. Katamarani haina uzito chini wa kuirudisha wima. Nguvu yote ya kusimama inatoka katika upana wake. Mwili wa upande wa upepo ukiinuka kupita kiasi, hakuna kinachobaki cha kuuzuia. Na omo zikizama katika wimbi wakati wa mbio, chombo hupinduka kwa kichwa, na watu hutupwa kutoka kimo cha nyumba. Mabaharia hao si wajinga. Wanajua hatari yao kuliko sisi. Lakini mchezo unaoendeshwa kwa kutafuta tarakimu kubwa ya kuchapisha huwavuta mahodari wake kwenye ukingo ambao hesabu ya kweli ingewaonyesha mapema.

Baada ya kifo hicho wakuu wa mashindano walifanya lile lililopaswa kufanywa kwanza: waliushusha mpaka wa upepo. Kwa mashindano ya mwisho ya Septemba mpaka ulikuwa mafundo 23, na nguvu ya mkondo wa maji ikahesabiwa ndani yake. Kwa hiyo mwendo wote uliosifiwa mwaka ule ni mwendo ulioruhusiwa, ndani ya upepo ulioruhusiwa. Na siku kadhaa za Septemba hiyo, mchana wa jua kali, watazamaji wamekwisha jaa ufukoni, mashindano yaliahirishwa kwa sababu upepo ulikuwa umepita mpaka. Katamarani zilirudishwa gatini, milango ya karakana ikafungwa, na watu wakaenda zao.